Pale Joshoni Pasipoandikwa Kitu

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimechaguliwa kuwa karani kwa sababu sikusema kitu. Wengine wote walikuwa wanabishana nani ana mwandiko mzuri, nani alimaliza kidato cha nne, nani hatakuja amelewa. Mimi nilikuwa nyuma karibu na dirisha nikiangalia mawingu. Halafu nikamsikia Mama Murunga akisema, "Mpeni Chepkorir. Huyo hata akijua siri yako, haina pa kutokea." Watu wakacheka. Nikapewa kalamu.

Mkutano ulikuwa shule ya msingi, kwenye darasa ambalo siku hizi halina wanafunzi. Aliyeuitisha ni Ilham, dada wa shirika moja la Eldoret mjini, mwenye hijabu ya kijivu na gambuti. Anasema kijiji chetu cha Kaptebes kitajiandikia mwongozo wake: nyumba zijengwe wapi na wapi zisijengwe, njia zipite wapi, ua uwe wa namna gani, maji yawekwe wapi. "Mimi sitawaambia kitu," alisema. "Nyinyi mtasema, mimi nitachora."

"Na mshahara utakula wewe," akasema Mzee Kipyego. Yeye ndiye mzee wa kijiji, na ni kaka mkubwa wa marehemu baba yangu.

"Mshahara nitakula, Mzee. Lakini maji mtakunywa nyinyi."

Shirika litaleta bomba na tangi moja, na litaweka pale mwongozo utakaposema. Sharti ni kwamba wanawake na wanaume wachore ramani zao kando, kisha wakubaliane kabla ya mwisho wa Julai. Wasipokubaliana, zamu inaenda kijiji kingine karibu na Moi's Bridge.

Simwamini mtu anayekuja na tangi akisema hataki kitu. Lakini ninalitaka tangi hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Septemba natakiwa kuanza chuo mjini, kusomea kazi ya maabara. Goti la Mama haliwezi tena mteremko wa chemchemi. Nikienda, nani atamtekea? Sijamwambia, ila nimeamua: maji yasipokuja, siendi.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Tumemaliza kupanda.

Alhamisi, 10 Aprili

Ramani ya wanawake. Tuliunganisha karatasi za manila sakafuni, tukachora barabara ya kwenda Moiben, kanisa, shule, duka la Nur, mto. Baadaye kila mwanamke akapewa haragwe moja aliweke pale anapotaka tangi.

Mama Murunga alikuwa wa kwanza. Ni mke wa Mwalimu Murunga; aliolewa hapa kutoka upande wa Bungoma na haogopi mtu. Aliliweka haragwe lake kwenye josho la zamani, akalibonyeza kama anapanda. Josho hilo ndilo ng'ombe walikuwa wakiogeshwa dawa ya kupe kabla kila mtu hajanunua pampu yake. Ni ardhi ya wote, na chini yake kuna miti ya miwati mpaka mtoni. Chemchemi iko hapo kando. "Maji yako pale, ardhi ni ya bure, mnatafuta nini tena?" alisema. Wanawake vijana wote wakamfuata.

Lakini wamama wakubwa hawakuweka. Mmoja alikumbuka ghafla kwamba hajawafungia kuku. Mwingine alisema ndama analia, na mimi sikusikia ndama.

"Mama, weka," nikamnong'oneza.

"Miwani sina. Siioni hiyo ramani."

Mama huona kupe kwenye sikio la ng'ombe akiwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alienda nyumbani na haragwe lake ndani ya ngumi.

Ni kwa nini mtu anayehitaji maji kuliko wote akatae kuyaomba?

Alhamisi, 17 Aprili

Zamu ya wanaume. Mimi nilikaa kando na kalamu za rangi. Walichora kila kitu. Walichora banda la kuku la Nur, choo cha kanisa, hata jiwe ambalo pikipiki zote hulikwaa. Lakini josho hawakulichora. Ramani yao inafika mahali miwati inapoanzia, inakuwa nyeupe, kisha mto unatokea upande wa pili kama hakuna kitu katikati.

Nilimuuliza Edwin, mtoto wa Mzee Kipyego. Mimi na yeye tulikuwa tunakimbizana kwenda shule. Kisha Desemba moja nikaenda Langas, mtaa wa Eldoret, kwa Aunty Diana kama kawaida, na niliporudi yeye alikuwa ameshapashwa tohara na haketi tena jikoni kwetu.

"Mbona hapa hamjachora?"

"Karatasi iliisha."

"Haikuisha. Iko hapa, nyeupe."

"Chepkorir, achana na hiyo stori. Utajiletea noma."

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kubwa, mkutano haukufanyika. Maji yamepita katikati ya boma la jirani. Hilo nimeliandika kwa ajili ya mwongozo: nyumba isijengwe kwenye njia ya maji ya mvua.

Jumatatu, 5 Mei

Nimewaona. Nilikuwa napanda kutoka chemchemi na mtungi, nikasikia sauti. Mzee Kipyego na Nur mwenye duka walikuwa wamesimama kwenye josho. Nur alikuwa ameshika futi ya kupimia, ile ndefu ya kujikunja. Mzee alimwonyesha kitu kwa fimbo, upande wa miwati. Walinyamaza waliponiona.

"Chemchemi imejaa?" Mzee akaniuliza. Kana kwamba chemchemi huwa haijai mwezi wa tano.

Mimi huwa sipiti kwenye ile miwati. Mama alinikataza, alisema kuna nyoka mkubwa, amewahi kumeza mbwa. Leo nimejiuliza, mbona wao hawamwogopi?

Alhamisi, 8 Mei

Ilham alikula chakula cha mchana nyumbani kwa Nur. Nilipoenda kununua chumvi nilimsikia akimwita mjomba.

Sasa naanza kuelewa. Mjomba anataka ardhi. Mpwa anachora ramani. Wazee wanaacha mahali peupe ili pasiwe na mtu wa kuuliza. Wakati wa kutia sahihi ukifika, pale peupe patakuwa pa Nur.

Sijamwambia mtu.

Jumapili, 11 Mei

Palizi ya kwanza. Mama ananitazama sana.

Alhamisi, 15 Mei



Leo ramani mbili zilibandikwa ukutani bega kwa bega. Ilham alisema karani asome palipo na tofauti. Nilisoma: njia ya shule, wanawake wanataka ipite nyuma ya kanisa, wanaume mbele. Ua, wanawake wanataka wa miti hai, wanaume wa waya. Hayo yakaisha kwa utani. Mama Murunga alisema waya huwafaa wanaume kwa sababu hukwama humo wakitoka kunywa na angalau mtu anajua walipo.

Kisha nikafika pale. Ningeweza kusoma tu na kukaa. Lakini nilimwona Nur amesimama mlangoni, amekunja mikono, na Mama kwenye benchi, ameinamisha kichwa, na goti lake amelinyoosha mbele kama kuni. Nikasema, "Ramani ya wanawake imeweka tangi kwenye josho. Ramani ya wanaume haina kitu hapo. Nauliza, mbona hamjachora? Pale kuna nini?"

Nilidhani hawakusikia, maana sauti yangu ni ndogo. Nikarudia.

Edwin aliangalia viatu vyake. Wamama wakubwa wakaanza kujifunika vizuri leso zao, wote kwa pamoja. Mzee Kipyego aliinuka, akavaa kofia, akasema taratibu, bila hasira, "Huyu ni mtoto wa ndugu yangu," kama mtu anayeomba radhi kwa wageni. Akatoka. Wanaume wakamfuata mmoja mmoja. Hata Nur akaondoka mlangoni.

"Mmeona?" Mama Murunga aliuliza darasa lote. "Mwenye haki hakimbii swali."

Tulipofika kwenye lango letu, Mama akaniuliza:

"Ulilazimika kuuliza mara mbili?"

"Mama, wanauza josho. Nimewaona na futi."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimeona."

"Basi umeona futi," Mama akasema, akaingia kukama.

Ijumaa, 16 Mei

Mzee Kipyego amesema wazee hawatakuja tena mkutanoni. Nilimsalimia barabarani, akaitikia kwa kichwa tu.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwambia Mama Murunga yote: futi, mjomba, chakula cha mchana. Alinisikiliza akikoroga uji, na kila neno langu lilipotoka mdomoni lilionekana kubwa zaidi kuliko lilipokuwa kichwani.

"Nilijua," alisema. "Huyo Nur ana adabu kupita kiasi."

Alhamisi, 29 Mei

Wanawake hawanunui tena kwa Nur. Wanatembea mpaka Moiben kwa sukari na kibiriti, kwenye matope. Mimi pia nilienda. Nilirudi nimelowa, na njiani nikapita mbele ya duka lake. Alikuwa amekaa peke yake kwenye gunia. Alisema, "Habari, Chepkorir. Kuna mvua, ingia ujikinge." Sikuingia.

Alhamisi, 5 Juni

Tulikuja wanawake tu, na Ilham. Mama Murunga alimuuliza mbele ya wote kama Nur ni mjomba wake.

"Ndiyo. Ni binamu ya mama yangu."

"Na hukusema."

"Hamkuuliza." Kisha akanigeukia mimi, si kwa ukali. "Mzee Kipyego ni nani wako, Chepkorir?"

"Ni baba yangu mkubwa."

"Na wewe ndiye karani. Kuna aliyesema unaandika ya Mzee?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini Mama Murunga hana aibu kama mimi. Alituongoza sote mpaka dukani.

Nur alikuwa anafunga sukari kwenye karatasi. Alitusikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Mama Murunga, sikatai. Niliitaka ile kona. Nilitaka kujenga stoo ya mahindi, nikaenda kupima. Mzee akaniambia hapana. Akaniambia na sababu. Nikasema, kama ni hivyo, sawa. Nikakunja futi yangu."

"Sababu gani?"

Alimaliza kufunga ile sukari kwanza. "Hiyo si bidhaa yangu kuuza."

"Kwa hiyo wewe umeambiwa, na sisi tunaoishi hapa hatuambiwi?"

"Mimi pia naishi hapa, mama. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Nimelala kitandani tangu saa ya chai. Sijui nani mwongo. Ninachojua ni kwamba Nur, aliyekuja na lori la chumvi, anajua kitu cha Kaptebes ambacho mimi niliyezaliwa hapa sikijui.

Alhamisi, 12 Juni

Ilham amesema ofisini wameanza kuulizia kile kijiji cha Moi's Bridge.

Jumamosi, 14 Juni

Viwavi kwenye mahindi. Tumewaokota kwa mkono. Goti la Mama limevimba.

Jumatano, 25 Juni

Asubuhi nilikuwa namshikia Mama ndama wakati anakama. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, hata ng'ombe alionekana nusu. Nikamwambia nilichokuwa nimekiweka moyoni: sitaenda chuo. Nitakaa niteke maji.

Hakuacha kukama.

"Desemba iliyopita ulikuwa wapi?" akauliza.

"Langas. Kwa Aunty Diana."

"Na ile ya kabla?"

"Langas."

"Na ile ya kabla ya hiyo?"

"Langas, Mama. Kila Desemba huwa naenda Langas."

"Ulipenda Langas?"

"Hapana. Kuna kelele, na Aunty alikuwa ananifulisha nguo za watoto wote."

"Basi nani alikuwa anakupeleka?"

"Wewe."

Alinyanyuka na ndoo, akanipa niibebe. "Haya. Peleka maziwa kabla gari halijapita."

Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nikaelewa. Nilisimama na maziwa yangu kwenye ukungu mpaka mwenye gari akanipigia honi.

Zamani vijana wa tohara walipelekwa ng'ambo ya mto, kwenye msitu. Hilo kila mtu analijua, hata watoto. Wanakaa huko Desemba yote, wanafundishwa, na mwanamke hapaswi kupajua, hapaswi kupakaribia, hapaswi hata kupauliza. Lakini ule msitu ulikatwa nikiwa darasa la saba. Siku hizi ni mahindi mpaka juu. Na mimi sijawahi kujiuliza vijana sasa wanaenda wapi Desemba, mimi nikiwa Langas.

Nimewauliza wazee wa kijiji changu, mbele ya wake zao, pale kuna nini. Mara mbili.

Wamama wakubwa walijua. Mama alijua. Wasingeweza kuliweka haragwe pale, na wasingeweza kusema kwa nini hawaliweki. Wanaume wasingeweza kupachora, maana kukichorwa kitu lazima kiandikwe jina. Kila mtu alikuwa anajua kwamba mwenzake anajua, na tangi lilikuwa linaenda Moi's Bridge.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya kanisa Mama alijaza mursik, maziwa yetu yaliyoganda, kwenye kibuyu, tukaenda kwa Mama Murunga. Waliongea habari ya viwavi. Kisha Mama akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya mboga, "Kwenu mtoto akipashwa tohara, si ni hadharani?"

"Mbele ya watu wote. Hata ng'ombe wanaangalia. Sisi hatufichi."

"Lakini kabla ya hapo anapakwa matope."

"Ndiyo, alfajiri, kule mtoni."

"Na wewe ulimsindikiza mwanao mpaka hapo mtoni?"

"Mimi? Mwanamke hafiki pale, mama, hata..." Aliweka kikombe chini. Alimwangalia Mama, akaniangalia mimi, akaangalia dirisha upande wa miwati, ingawa mahindi yamekua na hapaonekani tena.

"Mnh," alisema. "Kumbe."

Mama akamwongezea mursik.

Jumatatu, 30 Juni

Mama Murunga amenunua sukari kwa Nur. Ameibeba mkononi barabara nzima, bila mfuko.

Alhamisi, 10 Julai

Nilienda kwa Mzee Kipyego peke yangu. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakanitoka. Nikamwambia tu, "Mzee, nimekuja kwa lile swali langu. Nalichukua."

Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Alichonga kidogo. "Swali likishatoka halirudi," akasema. "Lakini linaweza kufungiwa mlango. Wewe si ndiye unayeandika huo mwongozo?"

Alhamisi, 24 Julai

Wote walikuja, hata wazee. Nilisoma mwongozo kuanzia mwanzo. Kila kanuni ina sababu yake, ndivyo Ilham alivyotufundisha: ua uwe wa miti hai, sababu ni upepo na kuni. Nyumba isijengwe kwenye njia ya maji ya mvua, sababu ni mafuriko. Njia ya shule ipite nyuma ya kanisa, sababu ni pikipiki.

Kisha nikasoma: "Kuanzia josho mpaka mtoni, hapatajengwa kitu, hapatapita bomba wala njia mpya, wala miti haitakatwa. Sababu: wenyeji wanaijua."

Ilham aliinua kichwa. "Chepkorir, ofisini hawatakubali. Watauliza sababu."

"Ulisema sisi tutasema, wewe utachora," nikamjibu. "Hili ndilo tunalosema."

"Mimi naelewa, lakini wakubwa wangu..."

"Waambie uliuliza," akasema Mama Murunga, "na hao wanawake wakorofi wa Kaptebes wakakataa kukuambia."

Nur alikohoa kule mlangoni. Ilham alimwangalia mjomba wake, akayaangalia macho yetu, kisha akachukua kalamu akaandika vilevile nilivyosoma. "Nitabishana nao," akasema.

Ikabaki tangi. Nur akasema atatoa pembe ya ploti yake kando ya barabara. Ni mbali kidogo kuliko josho, lakini ni tambarare mpaka kwetu. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilimtazama, nikaona jinsi njia ya kwenda kwenye hiyo pembe inavyopita katikati ya unga na mafuta ya kupikia.

"Ni sadaka?" Mama Murunga akamuuliza. "Ama ni biashara?"

"Maji ni sadaka. Lakini mkija kuteka, si mtaona sukari? Kuona si dhambi."

Nikainua mkono. Sikujijua nimeinua. "Iandikwe kwamba lango la maji lifunguke barabarani, si dukani. Na kwamba ile pembe haitarudi dukani hata duka likiuzwa."

Nur alicheka mpaka akajishika kiuno. "Huyu msichana mnasema ni mnyamavu. Ataniua njaa." Lakini akakubali.

"Karani amesema," akasema Mzee Kipyego. Alinitazama machoni, mara ya kwanza tangu Mei.

Maharagwe yakagawiwa tena. Mama alikataa kupewa. Alifungua pindo la leso yake akatoa lake la Aprili, limekunjamana na limetobolewa na dumuzi. Akachechemea mpaka kwenye ramani, akaliweka kando ya barabara. Hakuhitaji miwani.

Jumatano, 13 Agosti

Mtaro umefika kanisani. Mabomba yamelala kwenye nyasi. Ofisi imekubali, ila wameandika kwenye ukingo wa ile kanuni: "Ifafanuliwe baadaye." Mzee Kipyego aliposomewa alisema baadaye ni nyingi.

Alhamisi, 28 Agosti

Maji yametoka jana. Yalitoka mekundu kwanza, halafu meupe. Nimehakikisha lango: linafunguka barabarani.

Kesho kutwa naenda chuo. Mama alikuwa ananifungia blanketi kwa kamba, nikamuuliza kama Desemba nipitilize moja kwa moja mpaka Langas.

"Kufanya nini? Aunty yako anunue mashine ya kufulia. Wewe chuo kikifunga, njoo nyumbani."

Akavuta kamba, akafunga fundo. Nilitaka kunyamaza, nikashindwa.

"Na yule nyoka wa kwenye miwati, Mama? Aliyemeza mbwa?"

"Yupo," akasema. "Lakini sasa mnajuana."